Kuni Kavu za Ekwar ya Nyanya

Nyanya yangu alikuwa na kipande cha mto. Usicheke. Mto wenyewe, Tarach, unaopita kando ya Kakuma, hauna maji sehemu kubwa ya mwaka. Ni mchanga mpana unaounguza nyayo, na mgeni kutoka bara, huko kusini kwenye mvua, huuliza mto uko wapi akiwa amesimama katikati yake. Lakini chini ya mchanga ule maji yapo, na migunga ya ukingoni inajua yaliko. Kwa hiyo kwetu mtu hana shamba, ana migunga. Sehemu ya ukingo, kuanzia mti fulani hadi mti fulani, huitwa ekwar, na ekwar ina mwenyewe kama vile nyumba ilivyo na mwenyewe. Ile ya nyanya ilikuwa ya marehemu babu, na kabla yake ya baba yake babu. Hakuna aliyewahi kuiandika popote, kwa sababu hakukuwa na asiyejua ni ya nani.

Mali yake ni maganda ya mgunga, yale ya manjano yaliyojisokota, ambayo sisi twayaita ngitit. Kiangazi kikikaza na nyasi zikaisha kabisa, ngitit ndizo zinazobaki kati ya mbuzi na kifo. Nyanya alikuwa na upembo mrefu wa kutikisia matawi. Alfajiri alikwenda nao mti kwa mti, akatikisa hapa kidogo na pale kidogo, mbuzi wakimfuata miguuni wakisukumana kama wanawake kwenye bomba la maji. Hakumaliza mti hata siku moja. Alikuwa mkali, mfupi, mwenye shanga hadi kidevuni, na alizungumza na migunga yake kwa sauti ile ile aliyotumia kutugombeza.

Sheria za ekwar zilikuwa chache na kila mtoto alizijua. Ngitit usiguse bila ruhusa. Tawi bichi usikate kabisa. Ukikamatwa utatoa mbuzi, achinjwe na kuliwa chini ya mti uliouumiza, nawe umekaa hapo unaangalia watu wakila. Kuni kavu uombe, nawe utapewa. Katika hili la mwisho nyanya alikuwa na mkono mwepesi kuliko majirani wote. Sikuwahi kumsikia akimnyima mtu kuni kavu. Alisema mti ukishakufa hauna haja ya kulindwa, wenye haja ni watu.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu Lodwar. Mwalimu ni jina kubwa. Nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, nikapewa chaki kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuishika. Nilifundisha darasa la sita, na katika kitabu chetu kulikuwa na somo la mazingira lenye picha ya msitu wa kijani, kijito kikipita, na mwanamume mwenye shoka aliyekunja uso. Watoto waliniuliza ile rangi ya kijani yote ni nini. Niliwajibu ndiyo bara. Kuhusu mwenye shoka hawakuuliza. Ilikuwa wazi kwamba yeye ndiye mbaya. Jioni nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga, nikawasha jiko la makaa niliyonunua kando ya barabara, nikachemsha chai. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba yale makaa yalikuwa mti wa mtu.

Shule zikifungwa nilitafuta lori la kwenda Lokichoggio, nikaketi juu ya magunia, nikashuka Kakuma nikiwa na vumbi hadi kwenye meno. Kakuma ya utoto wangu ilikuwa maduka machache na misheni. Sasa kulikuwa na kambi. Wakimbizi wa Sudan walikuwa wamekuja kwa miguu, wengi wao watoto, na baada yao wakaja wengine kutoka kila upande, mpaka upande wa pili wa laga, yaani mto wetu mkavu, ukawa mji mkubwa kuliko Lodwar. Walipewa mahindi. Mahindi yale yalikuwa makavu na magumu, hayaivi mpaka umemaliza mzigo mzima wa kuni. Sisi tuliokuwa wenyeji hatukupewa mahindi. Kwa hiyo wao walikuwa na chakula bila moto, na sisi tulikuwa na moto bila chakula, na haikuchukua muda watu wakaelewana.

Katika nyumba yetu aliyeelewana nao alikuwa shangazi, dada ya baba yangu. Mume wake alikufa kwa risasi siku washambulizi walipochukua mifugo yao huko mpakani, akarudi kwa mama yake na watoto wadogo na sufuria. Shangazi alikuwa mtu wa kicheko, mwenye mabega ya kubeba chochote. Alikusanya kuni kavu kwenye ekwar, akazifunga mzigo mrefu kuliko yeye, akavuka laga hadi kambini, akarudi na mahindi au unga. Akirudi alitusimulia mambo ya kambini hadi nyanya akamwambia afunge mdomo nzi wasiingie.

Kulikuwa pia na mama mmoja wa Sudan aliyekuja kuomba mwenyewe. Mrefu, mwenye alama za paji la uso, na mabinti zake wawili nyuma. Alikuwa amejifunza neno moja la kwetu, la salamu. Alisimama mbali, akasema, "Ejok," kisha akaunganisha na Kiswahili chake cha kambini.

"Mama, moto mafi. Hakuna. Mimi naomba ile ya kufa, kidogo."

Nyanya hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, lakini lile la kuomba alilielewa. Alimwonyesha kwa upembo: lile pale, na lile. Tangu siku hiyo mama yule alikuja mara kwa mara, wakakaa kivulini wasielewane maneno, mmoja akisonga nywele za mabinti, mwingine akishona ngozi. Nilipowakuta hivyo nilijisikia vizuri, kama mtu aliyeona jambo likienda linavyotakiwa.

Kisha migunga ikaanza kufa.

Wa kwanza niliukuta likizo ya Aprili, mkubwa, umesimama mweupe bila jani wakati mvua ilikuwa imenyesha. Mti hufa, alisema nyanya. Shangazi akaukata, akauuza, tukala. Agosti nilikuta mingine imekauka, ule wa kando yake na wa kando ya huo, na Desemba upande ule wote wa juu ulikuwa kama mdomo wa mzee, jino hapa na jino pale. Nyanya alikuwa amekonda. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba pengine maji yameondoka, kwa vile kambini wamechimba visima vya mashine. Akachukua karai na kijiti, akashuka mtoni mwenyewe, akachimba mbele ya mti uliokufa. Nilimsaidia kutoa mchanga. Tulifika maji pale pale yalipokuwa siku zote, usawa wa kifua chake.

Aliyaangalia muda mrefu. Hapo niliona hofu katika uso ambao sikudhani una nafasi ya hofu. Maji yakiondoka unajua la kufanya, unahama. Maji yapo na mti unakufa, hilo hakuwahi kuambiwa na mtu. Akafikiri babu amekasirika. Akachinja mbuzi, mzee mmoja akaja kusoma utumbo kama desturi, akaunyoosha juu ya majani, akasema anaona adui akitoka kaskazini. Sudan iko kaskazini. Watu wote wakaitikia kwa vichwa.

"Mwalimu, unaona?" jirani mmoja aliniambia. Alipenda kunisemesha Kiswahili kwa kuwa aliwahi kuwa askari. "Hawa watu ya kambi wanamaliza sisi. Mchana anaomba, halafu akirudi anaweka dawa kwa mti. Sisi tutashika mmoja tufunze yeye."

Nami nilimwamini, ndiyo. Nilimwangalia yule mama mrefu aliposema ejok yake, nikaona nimeanza kukagua mikono ya mabinti zake, wamebeba nini, wameficha nini. Nyanya peke yake ndiye aliyekataa. Alisema mtu anayetaka kuiba haji kusalimia.

Ilikuwa siku moja ya Januari, kabla sijarudi shuleni, jua likiwa limeanza kupanda. Mtoto wa mbuzi alikuwa akilia kwenye kizizi. Vizizi vile vilijengwa na shangazi mwaka uliotangulia, kimoja kimoja kwenye shina la mgunga: alirundika matawi ya miiba kulizunguka shina, akaacha nafasi vibuzi wakae kivulini wasifuate mama zao. Nyanya alimsifu sana kwa kazi ile, na mimi pia. Mbuzi yule alikuwa amenasa shingo kati ya miiba na shina, nikaanza kuivuta miiba tawi moja moja huku nikilaani, maana miiba ya mgunga haina huruma. Nilipofika ndani nikaona shina halina gome.

Lilikuwa limebanduliwa kuzunguka lote, upana wa mkono, karibu na ardhi, pale ambapo miiba ilifika. Alama za panga zilikuwa safi. Utomvu ulikuwa umetoka na kukauka, siafu wamejipanga mstari juu yake. Juu, majani yalikuwa bado ya kijani. Mti ulikuwa umeuawa na ulikuwa haujajua.

Nilimwita nyanya. Alikwenda kizizi cha pili, akavuta miiba kwa mikono mitupu, akaona. Cha tatu vivyo hivyo. Kila mti wenye kizizi ulikuwa na kidonda, mingine imekwisha kukauka, mingine iko njiani. Na vizizi vyote vilijengwa na mtu mmoja. Hakukuwa na cha kuchunguza.

Shangazi alirudi saa ya jua kali, unga kichwani, akicheka na watoto wake waliomkimbilia. Alipoona miiba imetawanyika akasimama. Watoto wakaendelea kuvuta shuka lake, hawakuona kitu.

"Mama," alisema, "wewe ulisema tuchukue kavu."

"Nilisema kavu."

"Sasa si zilikauka?"

Ningecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine. Nilipandwa na hasira, nikaanza kumwambia maneno yangu yote ya kitabuni, mazingira, vizazi vijavyo, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akateremsha unga chini taratibu, asiumwage.

"Mwalimu, ulikunywa uji jana?"

Niliinamisha macho kwenye ule unga.

"Ulikunywa. Na Agosti ulikunywa. Wewe unakuja na sukari nusu kilo, unakaa mwezi. Mama pia amekunywa. Ule mti wa juu, ule mkubwa wa babu, tulimaliza kuula sisi wote kabla ya sikukuu." Akamgeukia mama yake. "Ningesema nini? Ningekuomba tawi bichi, ungenipa?"

Nyanya alisema, "Hapana."

"Ndiyo. Hapana. Na kavu ziliisha kitambo, mama. Ziliisha mwaka wa kwanza. Watu wa kambi ni wengi, na hawa wangu wanakula kila siku."

Kumbe sheria yetu ile tuliyojivunia, ya kulinda tawi bichi, ndiyo iliyomfundisha kuua mti mzima kwa ajili ya mzigo mmoja wa kuni. Angeruhusiwa tawi, angekata tawi. Kwa kuwa tawi lilikatazwa, mti mfu ukaruhusiwa, alitengeneza wafu.

Majirani waliposikia walitaka adhabu itolewe kama desturi. Mbuzi achinjwe. Lakini mbuzi wa shangazi walikuwa wale wale wa nyanya, zizi moja. Mwenye mti angelipwa mbuzi wake mwenyewe. Walibishana mchana kutwa, kisha wakaondoka wakiwa wamekasirika, na nadhani kilichowaudhi zaidi ni kwamba adui hakutoka kaskazini.

Nyanya alichanganya udongo, majivu na samadi, akapaka vidonda vya miti iliyokuwa bado ina majani, akafunga kwa vipande vya ngozi. Sijui kama inasaidia. Yeye pia hakujua. Alifanya kwa sababu asingeweza kukaa bila kufanya kitu. Kisha akatangaza sheria mpya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: kuanzia sasa mti mkavu hauguswi na mtu. Usimame hapo hapo mpaka uanguke wenyewe, na ukianguka uoze. Asiwepo mtu hata mmoja, mwenyeji wala mgeni, ambaye kifo cha mgunga kitamnufaisha.

Yule mama wa Sudan alikuja siku iliyofuata. Alisema ejok, akanyoosha mkono kuonyesha mti mweupe. Nyanya akatikisa kichwa. Mama akadhani hakueleweka, akaonyesha tena. Nyanya akatikisa kichwa tena. Kwa maisha yake yote hakuwahi kufanya hivyo. Yule mama alisimama kidogo, akawashika mabinti zake, akarudi kambini mikono mitupu. Nilitamani kumkimbilia nimweleze, lakini ningemweleza nini?

Mahindi yakakoma. Siku za kwanza tulikula unga wa mwisho, kisha tukachemsha chai ya rangi, kisha watoto wa shangazi wakaanza kulala mchana, jambo ambalo mtoto mzima halifanyi. Ngitit zilikuwa chache kwa sababu miti yenye kuzaa ilikuwa imepungua, na mbuzi walitoa maziwa ya kufunika sakafu ya kibuyu tu. Nilikwenda dukani na shilingi zangu za ualimu, zikaisha haraka kuliko nilivyofikiri. Watoto walilala wakitazama ile migunga mikavu, mizigo na mizigo ya kuni zilizosimama wima, chakula cha mwezi mzima, na hakuna aliyeinua mkono. Nilimchukia nyanya siku hizo. Nasema kweli. Niliona anapenda miti kuliko damu yake.

Shangazi hakumlaumu. Alikaa na mtoto wake mdogo mapajani, akimpepea nzi. Kicheko chake kilikuwa kimekwenda, na sikujua kwamba nyumba ile ilikuwa imesimama juu ya kicheko kile.

Asubuhi moja nyanya alitoka nje jua likiwa limekwisha kutoka, watu wakipita mtoni kwenda visimani. Alichagua saa ile makusudi. Akamwita shangazi kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo.

"Leta panga."

Shangazi akaleta. Nyanya akaenda hadi kwenye mgunga uliobaki mzuri kuliko yote, usio na kidonda, majani tele, akaonyesha tawi moja la chini kwa upembo wake.

"Kata hili."

Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakasimama. Yule jirani askari akatoka kwake, shuka begani. Nikasikia mtu akisema mama huyu amerukwa na akili.

"Mama, hili ni bichi," shangazi alisema.

"Naona ni bichi."

"Watu wanaangalia."

"Waangalie. Ulipokuwa huangaliwi uliua mti. Anayeangaliwa atakata tawi." Kisha akasema jambo ambalo nilijua limemgharimu. "Kila ukikosa, utakuja kuniomba, nami nitakuonyesha lipi. Litalala juani mpaka likauke, utalipeleka. Lakini utakuja mchana, na utakata huku unaliona lina majani."

Shangazi aliinua panga akalishusha bila kupiga. Alilia, mtu mzima yule mwenye mabega, mbele ya watu wote. Mtoto wake mdogo alikuwa amekaa mchangani na tumbo lake lililovimba kwa njaa. Shangazi akamwangalia, akainua panga tena, akapiga. Maji ya mti yakaruka. Akapiga tena. Nyanya alikuwa amenasa tawi kwa upembo kutoka upande wa pili, analivuta kwa nguvu zake zote za kizee, miguu imezama mchangani, ili likikatika lisimwangukie bintiye.

Lilipokatika mbuzi walikuja mbio. Walitoka kila upande, hata wale dhaifu, wakapanda juu ya lile tawi, wakala majani wakiangusha masikio kwa raha. Majirani waliondoka mmoja mmoja. Nyanya alibaki ameshika upembo, akiangalia jeraha jeupe kwenye mti. Sikujua kama nimeona ekwar ikiokolewa au ikifunguliwa mlango wa kuangamia. Sijui mpaka leo.

Jioni shangazi alikamua. Maziwa yalikuwa mengi kuliko siku zote za wiki ile, yenye harufu ya majani mabichi. Watoto walikunywa kwanza, kisha mimi, na yalikuwa matamu, na nilichukia kwamba yalikuwa matamu. Nilimpa nyanya kibuyu. Akakipokea, akakitikisa karibu na sikio kusikia kama kimebaki kitu, kisha akakirudisha kwa watoto bila kunywa.